Mizabibu Tusiyoipanda

Tuliporudi kutoka Afrika Kusini, swali la kwanza nililoulizwa usharikani halikuhusu mahafali ya binti yetu, wala urefu wa safari, wala bei ya nauli. Mzee mwenzangu wa kanisa alinivuta pembeni baada ya ibada, akashusha sauti: "Nimesikia mlilala kwenye mashamba ya mvinyo. Sema kweli, mzee. Ulionja?"

Nilimwambia kweli: sikuonja. Akafurahi, akanipigapiga begani, akaenda zake. Mimi nikabaki pale chini ya mwarobaini nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu nilijua nimejibu swali dogo na kulikwepa kubwa. Divai sikuionja, lakini kitandani nililala. Mezani nilikula. Kivulini nilikaa na kusema, "Hapa ni pazuri, Bwana asifiwe." Katika kurasa hizi najaribu kujibu swali ambalo mzee yule hakuniuliza. Mtu wa imani anapofurahia kitu chema kilichojengwa kwa jasho la watu walioonewa, anadaiwa nini? Na akishalipa bei ya chumba, je, deni limekwisha?

Nianze na nyumba yenyewe. Binti yetu alihitimu masomo Stellenbosch, mji ulioko mashariki ya Cape Town, katikati ya milima na mashamba ya mizabibu. Mimi na mama yake tulikwenda kumpongeza, na tukaamua kwamba baada ya miaka mingi ya kulipa ada, sisi nasi tupumzike siku tatu. Binti akatutafutia nyumba ya wageni ya shambani, nyumba ya kale ambako mgeni hulala na asubuhi huandaliwa kifungua kinywa. Gharama nilizitoa katika kiinua mgongo changu cha ualimu, nikazitoa kwa furaha.

Ndugu msomaji, nyumba ile ni nzuri. Kuta zake ni nene kiasi kwamba joto la mchana haliingii, zimepakwa chokaa nyeupe hadi macho yanauma jua likiwaka. Paa ni la nyasi. Juu ya mlango mkubwa ukuta umepanda na kupinda kama wimbi, na mwaka wa kujengwa umeandikwa pale: ni wa karne ya 18. Sakafu ni mbao pana zilizong'aa kwa miguu ya vizazi. Mbele kuna mialoni mikubwa, nyuma kuna safu za mizabibu zinazopanda hadi miguuni pa mlima. Ilikuwa Machi, na kule mavuno ni mara moja kwa mwaka, kwa hiyo tuliyakuta yakielekea mwisho. Mimi ni mtu wa Dodoma, kwetu tunachuma mara mbili. Niliposikia kwamba zabibu nyeupe za safu zile ni Chenin Blanc, nilijiona niko nyumbani, maana ndizo hizo zilizoko Dodoma pia.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mkarimu. Alituuliza tulivyolala, akatuwekea jamu ya aprikoti aliyoitengeneza mwenyewe, akatupa kijitabu cha historia ya shamba. Kijitabu kile kilitaja wamiliki wote, kizazi baada ya kizazi, hadi yeye. Uani, kati ya nguzo mbili nyeupe, ilining'inia kengele kubwa ya zamani. Jioni ya kwanza mke wangu aliishika kamba yake akicheka, nikampiga picha, tukaituma kwenye kundi la familia kabla ya kulala.

Asubuhi ya pili tulihudumiwa na mama mwingine, mtu wa makamo, mwenyeji wa bonde lile. Alituambia jina lake, na jina la ukoo lilikuwa jina la mwezi. Mke wangu akamuuliza kama alizaliwa mwezi huo. Akacheka. "Hapana, mama. Huenda ni mwezi ambao mzee wetu wa kwanza alishushwa melini. Au aliuzwa. Au bwana wake alilitaja tu lililomjia mdomoni. Sisi hatujui."

Kisha akatazama uani na kusema, bila ukali wowote, kwamba kengele ile ndiyo iliyowaamsha watumwa, na ndiyo iliyowaambia waache kazi usiku unapoingia.

Mke wangu aliweka kijiko chini.

Nilikuwa mwalimu, na mwalimu akiona aibu hukimbilia vitabu. Siku ile tuliteremka Cape Town, tukaingia katika jengo la zamani ambamo Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki iliwafungia watumwa wake, ambalo leo ni makumbusho. Nilichokisoma huko na baadaye ni hiki. Waholanzi walifika Rasi mwaka 1652 wakiongozwa na Jan van Riebeeck, ili meli zao ziendazo Asia zipate maji, mboga na nyama. Mwaka 1658 meli iitwayo Amersfoort ilishusha pale watumwa waliokuwa wametekwa kutoka meli ya Wareno, wengi wao wakiwa watoto na vijana wadogo. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1659, van Riebeeck aliandika katika shajara yake kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa divai kwa mara ya kwanza, na akamshukuru Mungu.

Shukrani ile sina sababu ya kuamini ilikuwa ya uongo. Mtu aliyepanda miche katika nchi ya upepo na kuiona ikizaa lazima amshukuru Mungu. Lakini kati ya meli na shukrani ulikuwa umepita mwaka mmoja tu. Mungu alitajwa; watoto wa Amersfoort hawakutajwa.

Baadaye, mwaka 1688, walikuja Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa. Hawa walikuwa wakimbizi wa imani. Mfalme wao alikuwa amefuta mwaka 1685 amri iliyowalinda, makanisa yao yakabomolewa, wengi wakatoroka nchi. Waliofika Rasi walipewa ardhi, na bonde moja likaitwa Kona ya Wafaransa, Franschhoek, hadi leo. Watu hawa walijua maana ya kupoteza nyumba kwa ajili ya Neno la Mungu. Hata hivyo, muda si mrefu nao wakawa na watumwa. Mimi huwa siwahukumu haraka, kwa maana naona jinsi jambo hili linavyotendeka. Mtu aliyeonewa hapati moyo wa huruma kwa sababu tu ameonewa. Asipolinda kumbukumbu yake, anaweza kujifunza kutoka kwa aliyemwonea.

Wanahistoria wanakadiria kwamba hadi biashara ile ilipopigwa marufuku mwanzoni mwa karne ya 19, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamepelekwa Rasi kama watumwa: kutoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki. Wengi waliitwa kwa mahali walikotoka, "wa Msumbiji" au "wa Bengali", wengine kwa jina la mwezi. Hapo nilikuwa bado nasoma kama msomaji wa habari za watu wengine, hadi nilipokuta kwamba katika miaka ya 1770 meli za Kampuni ile zilifika hadi Zanzibar kununua watu, na wauzaji walikuwa wafanyabiashara wa pwani yetu. Nikafunga daftari.

Na Kanisa je? Ilieleweka kwa muda mrefu kule Rasi kwamba mtumwa aliyebatizwa hapaswi kuuzwa. Sheria nzuri, utasema. Lakini matokeo yake ni kwamba wamiliki wengi waliona afadhali wasiwabatize kabisa. Waliokuwa na Biblia mezani waliwazuia watu wao wasifike majini, ili bei yao isipungue. Nilipolielewa hilo, sikuweza kula chakula cha mchana.

Sasa turudi kwenye swali. Mtu anadaiwa nini? Nimesikia majibu matatu, na yote matatu niliyajaribu mwenyewe katika siku zile.

Jibu la kwanza ni la kujitenga: mahali kama pale usilale. Ndilo jibu lililo karibu na swali la mzee mwenzangu, maana sisi tumelelewa kuutafuta utakatifu kwa kuacha. Nami siudharau mwili unaoacha, nimeacha pombe maisha yangu yote na sijutii. Lakini kuacha kunatuponza pale tunapodhani kumetusafisha. Niliikataa glasi ya divai nikajiona salama, huku nimeegemea ukuta uliojengwa na watu wasiolipwa. Na kama ningeondoka na kulala kwingine, ningekwenda wapi? Miji mingapi ya pwani yetu haina mawe ya aina ile? Zaidi ya hapo, wageni wakilikimbia bonde lile, wa kwanza kukosa riziki ni yule mama mwenye jina la mwezi.

Jibu la pili ni la kulipa. Nilipewa bei, nimeilipa, risiti ninayo. Hili ndilo jibu la zama zetu, na lina nguvu kwa sababu linaonekana kuwa la haki. Lakini malipo hufunga deni pale tu yanapomfikia anayedai. Bunge la Uingereza lilipopitisha mwaka 1833 sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo walipewa wamiliki, kwa kupoteza mali. Waliokuwa wametumikishwa hawakupata kitu. Kule Rasi walitangazwa huru tarehe 1 Desemba 1834, wakalazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, hadi 1838. Risiti zilikuwapo, hesabu zilifungwa, na deni lilibaki vilevile. Mtume Yakobo katika sura ya tano anasema ujira uliozuiliwa wa watu waliovuna mashamba hupiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hasemi zitanyamaza kwa sababu shamba limeuzwa kwa mtu mwingine.

Tena deni hilo halikuisha na utumwa. Yule mama alituambia kwamba baba yake alilipwa sehemu kwa fedha na sehemu kwa divai. Huo ndio mfumo ulioitwa "dop". Kibarua alipewa vikombe vya divai mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi, na jioni akarudi nyumbani na kiu ya nyingine. Sheria iliukataza katika miaka ya 1960, lakini mashamba mengine yaliendelea nao hadi miaka ya 1990. Leo jimbo lile ni miongoni mwa mahali duniani palipopatikana viwango vya juu kabisa vya watoto waliozaliwa na madhara ya ubongo kwa sababu ya pombe iliyowafikia tumboni mwa mama. Alipoona kwamba mimi na mke wangu hatugusi divai, alituuliza kama ni kwa ajili ya dini. Tukasema ndiyo. Akasema, "Mimi nimeacha kwa ajili ya kaka yangu." Hakuongeza neno.

Jibu la tatu ni la kuhuzunika. Mtu anaingia makumbusho, analia, anapiga picha ya majina ukutani, anatoka na kutafuta chakula. Huzuni hiyo inaweza kuwa ya kweli, lakini haimgharimu mwenye kuhuzunika chochote, na haimpi kitu aliyeonewa. Nimeona hata katika mahubiri yetu: tunalilia dhambi za mbali kwa sauti kubwa, kwa sababu za karibu zingetudai fedha.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuutumia msemo huo kwa mzaha, kumfukuza mgeni asiyeondoka. Lakini nilipolala macho wazi usiku ule wa pili, niliusikia kwa namna nyingine. Msemo ule haumfukuzi mgeni. Unamwambia kwamba siku mbili amekula bila kuuliza, na hiyo ni haki yake ya ugeni. Siku ya tatu anaonyeshwa chakula kinakotoka. Anapewa jembe kwa sababu sasa ni mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hushika sehemu yake ya kazi.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya sita, Musa anawaambia Israeli kwamba watapewa miji wasiyoijenga, nyumba zenye vitu vyema wasivyovijaza, visima wasivyovichimba, mizabibu na mizeituni wasiyoipanda. Najua andiko hilo lina ugumu wake, kwa maana nyumba hizo nazo zilikuwa na wenyewe, nami sitaki kulipita kana kwamba sikuliona. Lakini angalia onyo linalofuata. Hawaambiwi waikatae nyumba. Wanaambiwa, wakishakula na kushiba, wajihadhari wasije wakamsahau Bwana aliyewatoa katika nyumba ya utumwa. Hatari iko kwenye kushiba. Na anayepaswa kukumbukwa si Mungu wa jumla tu, wa mvua na mavuno, ambaye hata van Riebeeck alimshukuru. Ni Mungu aliyesikia kilio cha watumwa na kushuka. Huwezi kumkumbuka Mungu huyo na kumsahau mtumwa, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha.

Naye Isaya, katika sura ya 65, anaona mbali zaidi. Anaona siku ambayo watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake wao wenyewe, watapanda mizabibu na kula matunda yake wao wenyewe, wala hakutakuwa na mmoja ajengaye ili mwingine akae. Nimesoma andiko hilo mara nyingi kama picha ya mbinguni. Nilipolisoma pale, katika chumba kile kizuri, nilitambua kwamba ni maelezo ya kazi na mshahara. Na nilitambua kwamba katika picha ile mimi ndiye yule mwingine.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Yule mama alikuwa ametualika kanisani kwake, katika kijiji cha Pniel, njiani kati ya Stellenbosch na Franschhoek. Kijiji hiki kilianza mwaka 1843 kama kituo cha misheni kwa ajili ya watu waliokuwa wametoka utumwani. Miaka mitano baada ya uhuru walipata mahali pa kujenga nyumba na kusema ni zao. Kanisa lilijaa. Hatukuelewa Kiafrikana, lakini tuliijua ibada, tukasimama waliposimama na kuketi walipoketi. Baada ya ibada tulipewa chai. Hakuna aliyetuuliza tumelala wapi.

Jina Pniel ni lile la Mwanzo sura ya 32, mahali ambapo Yakobo alishindana hadi alfajiri na kusema amemwona Mungu uso kwa uso. Tunapenda kulihubiri andiko hilo katika mikesha: shikilia, usimwache hadi akubariki. Lakini nikiwa nimekaa pale na kikombe cha chai, nilikumbuka kwa nini Yakobo hakulala usiku ule. Alikuwa anakwenda kukutana na Esau, ndugu aliyemdanganya. Kukipambazuka, anachechemea hadi kwa ndugu yake, na katika sura ya 33 anamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu. Kisha anamsihi apokee zawadi. Esau anasema, ninavyo vya kutosha. Yakobo anamshurutisha, mpaka anapokea. Aliyekuwa amechukua baraka ya nduguye anasisitiza kurudisha. Pnieli ya usiku ilimpeleka kwenye uso wa mchana. Kama Yakobo angebarikiwa mtoni kisha akageukia njia nyingine, sidhani kama tungekuwa na sababu ya kuisimulia baraka hiyo.

Tulipokuwa tunaagana, yule mama aliniuliza jambo. Alikuwa amesikia kwamba kwetu Dodoma nako kuna zabibu. "Nani huchuma?" akauliza.

"Vibarua," nikasema.

"Wanalipwa vizuri?"

"Tunajitahidi," nikasema. Ni jibu la mtu wa kamati. Alitikisa kichwa kwa adabu, na mimi nikaona kwamba amelielewa kuliko nilivyotaka.

Sasa nisimulie la kwetu, maana bila hili insha hii ni picha nyingine ya makumbusho. Baba yangu alipanda zabibu nje ya mji wa Dodoma katika miaka ya 1970. Shamba lile lilinisomesha mimi hadi chuo cha ualimu, na kwa ualimu wangu nikamsomesha binti yangu hadi Stellenbosch. Lakini kusema baba alipanda ni kusema kama kijitabu cha mwenyeji wetu. Aliyechimba mashimo katika ardhi ile ngumu, aliyebeba samadi, aliyesimamisha nguzo na kuvuta waya, aliyepogoa kila msimu na kuamka alfajiri kufukuza ndege, alikuwa kibarua mmoja aliyetoka Singida. Alikaa kwetu miaka kumi na moja. Alilala katika kibanda cha shamba. Tulimwita Mnyiramba. Sote, wakubwa kwa watoto, tulimwita kwa kabila lake, "Mnyiramba, njoo," "Mnyiramba, chukua," na yeye aliitika. Aliposhindwa kazi kwa maradhi ya kifua, baba alimpa nauli na debe la mahindi, akaondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa mafao yake.

Baba yangu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mzee wa kanisa, alitoa zaka, kila mavuno alipeleka kikapu cha kwanza madhabahuni na kumshukuru Mungu. Nilijivunia shukrani ile maisha yangu yote, na bado naipenda. Ila katika miaka kumi na moja ya kuisikia, sikusikia Mnyiramba akitajwa hata mara moja. Nilikuwa nimesimama katika makumbusho ya Cape Town nikishangaa watu walioitwa "wa Msumbiji", na mimi nilikuwa na mtu wangu aliyeitwa vilevile.

Najua tofauti. Mtu wetu hakununuliwa, aliweza kuondoka, alilipwa kitu. Kusema mambo haya ni sawasawa kungekuwa kuwadharau waliofungwa minyororo. Lakini tofauti hiyo ni kwa ajili ya mahakama. Mbele za Mungu sikuulizwa kama nilikuwa bwana wa watumwa. Niliulizwa, kama Kaini alivyoulizwa, ndugu yako yuko wapi?

Tuliporudi nilianza kumtafuta. Kaka yangu alipinga. Alisema baba amelala, tusimfukue; alisema tukianza hivi, kila kibarua aliyepita atakuja na watoto wake. Neno lake la pili lina ukweli, na sina jibu lililonyooka kwa hilo. Nilimwambia tu kwamba wa huyu mmoja tunamjua. Ilichukua miezi minne, kupitia watu wa kanisa la Singida, kumpata binti yake. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki zamani, muda si mrefu baada ya kuondoka kwetu. Binti alikuwa anajua kwamba baba yake "alifanya kazi kwa watu wa zabibu". Aliniambia jina lake kamili. Siliandiki hapa, kwa kuwa hajaniruhusu, na kuruhusu ni haki yake. Nimeliandika katika Biblia ya baba, katika ukurasa ule tunapoandika waliozaliwa na waliolala.

Mimi na mke wangu tulihesabu kwa makadirio mafao ya miaka kumi na moja. Hatukuweza kuyatoa yote mara moja. Tunatoa kidogo kidogo, naye amechagua yaende kwenye ada ya mjukuu. Mara ya kwanza alikataa. Alisema hatudai kitu. Nikamkumbuka Yakobo na Esau, nikamsihi. Hakulia wala hakunishukuru sana. Alisema, "Haya, mwalimu. Lakini njoo umwone mtoto mwenyewe." Ndivyo nilivyopewa jembe langu.

Kaka yangu bado hajakubaliana nami, na tunasali pamoja hivyo hivyo. Shamba lipo, wachumaji wa sasa wapo. Tumeanza daftari la majina, na ujira unalipwa Jumamosi kabla jua halijazama, si tukishauza. Ni kidogo. Kuna misimu ambapo bei ya zabibu huanguka na sisi wenyewe hukopa ili tulipe. Sijui kama tutaweza daima. Ile picha ya kengele tuliifuta, kisha mke wangu akaona kuifuta ni kusahau kwingine. Akawaandikia watoto katika kundi la familia kengele ile ilikuwa ya kazi gani.

Kwa hiyo nimjibu mzee mwenzangu, safari hii kikamilifu. Divai ya kule sikuonja. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana, wewe na mimi tunapiga magoti pamoja na kukipokea kikombe. Aliye ndani yake tumefundishwa kumkumbuka, naye alikufa kifo walichopewa watumwa. Na zabibu zile kuna mtu aliyezichuma, siku fulani, juani, kwa ujira fulani. Tunapoinuka pale na kusema asante, nakuomba tujiulize mimi na wewe: katika nyumba tunamolala, katika ada zilizotusomesha, ni nani alipanda, tulimwita nani, na je, alilipwa?